Anga la Mtu Mmoja

Bi Raina Gladstein aligundua kwamba hana tena anga siku ile aliposhusha mikeka ya mumewe Monty kutoka juu ya kabati.

Ilikuwa mikeka ya matete, imeviringishwa na kufungwa kwa tai kuukuu ya marehemu, ile ya kijivu aliyokuwa akivaa dukani kwake Manchester alipokuwa akiuza makoti ya mvua. Sikukuu ya Vibanda, ile wiki ambayo Wayahudi hula ndani ya vibanda vya matete, ilikuwa bado wiki kadhaa, lakini Raina alitaka kujua mapema kama ataweza kukijenga kibanda peke yake. Akaiburuta mikeka hadi roshani, akapanda kiti, akainua uso ili apime mahali pa kuitandaza.

Juu yake palikuwa na zege.

Akashuka. Akapanda tena, kana kwamba mara ya pili angekuta limeondoka. Lilikuwa palepale, jeupe, bado jipya: roshani ya Gershon Plotkin wa ghorofa ya juu, imejitokeza nje na kuifunika ya kwake yote kama kofia iliyovutwa hadi machoni. Na kibanda cha sikukuu sharti kikae chini ya anga tupu. Ukitandaza matete chini ya sakafu ya mtu, hujajenga kibanda, umepamba roshani tu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa ameishi chini ya zege hilo tangu Pasaka. Alianika nguo chini yake. Alinywa kahawa chini yake. Kivuli chake alikishukuru hata, maana maua yake ya vyunguni hayakuungua mwaka huo. Lakini kutazama juu kulikuwa kazi ya Monty. Miaka yote ya ndoa yao Monty ndiye aliyejenga kibanda, naye Raina alishika ngazi na kutazama miguu yake isiteleze.

Nyumba yenyewe waliinunua kwa ajili ya anga hilo. Manchester walikuwa wakila supu ya sikukuu huku mvua ikidondoka ndani ya bakuli, Monty akisema, "Kula haraka, mama, inaongezeka." Walipostaafu wakahamia Yerusalemu, na kila nyumba waliyooneshwa Monty alipita moja kwa moja hadi roshani, akaangalia juu, akatikisa kichwa, akarudi mlangoni. Hii ndiyo iliyomfanya atabasamu. Alikaa ndani ya kibanda chake kikavu kwa sikukuu mbili tu. Majira ya baridi yaliyofuata moyo wake ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Raina alimkuta Plotkin kwenye ngazi, mkono mmoja umebeba tikiti maji, mwingine umeshika baiskeli ya mtoto.

"Bwana Plotkin, umenifunika."

"Nimekufunika na nini, Bi Raina?" Plotkin alikuwa mtu wa Cleveland, mnene, mwenye sauti ya kuita teksi. Kwake hata salamu ilikuwa tangazo.

"Na roshani yako. Kibanda changu hakina anga."

Plotkin akatua tikiti. Akafikiri. Akajipiga paji la uso. "Lo! Lo! Wala haikunijia. Lakini hilo si neno, njoo kwetu! Siku zote saba. Yocheved anapika utadhani jeshi zima linakuja, na watoto watafurahi."

"Sikuomba chakula. Ninadai anga langu."

"Sasa anga nitalitoa wapi? Nibomoe zege?"

"Ndiyo."

Plotkin akacheka, akidhani ni mzaha wa Kiingereza, ule wa kusemwa kwa uso mkavu. Alipoona mwenzake hacheki, akaokota tikiti lake. "Bi Raina, pale ndipo kibanda chetu kitakapokaa. Nina watoto watano. Mwaka jana tulikula kwa zamu kama wafungwa."

Hawakusalimiana tena baada ya siku ile.

Kumpeleka Myahudi mwenzake mbele ya hakimu wa serikali kabla ya kumwita mbele ya marabi lilikuwa jambo ambalo baba yake Raina hangelisamehe hata kaburini. Tena mbele ya hakimu angesema nini? Kiebrania chake kilikuwa cha sokoni: nyanya, kilo, ghali mno, asante. Hakikuwa na neno la kugombana nalo. Lakini mtaani kwao kulikuwa na baraza la marabi lililosikiliza mashauri kwa Kiingereza, kwa ajili ya watu kama yeye, waliokuja na mizigo yao kutoka London na New York na Johannesburg, na magomvi yao ndani ya mizigo. Akapiga simu. Plotkin akapelekewa wito, naye, kwa kuwa alikuwa mcha Mungu na pia mkaidi, akakubali kwenda.

Baraza lilikaa juu ya duka la miwani, katika chumba chenye meza ndefu na feni iliyokuwa ikilalamika. Marabi walikuwa watatu. Mmoja alikuwa kijana mwembamba aliyeandika kwenye kompyuta bila kuinua macho. Mwingine alikuwa mnene, macho yake nusu yamefumba, ungedhani amelala. Aliyekaa katikati, Rabi Spiro, alikuwa mzee wa Glasgow, na alipofungua kinywa na kusema, "Karibu, mama, jua la nje halijakuunguza?" Raina akalazimika kutazama dirishani. Kwa miezi mingi hakuna aliyemuuliza chochote kwa lafudhi ya nchi ile ya mvua.

Rabi Spiro akatoa leso mfukoni, nyeupe, iliyopigwa pasi.

"Kabla ya lolote," akasema, "kila mmoja atashika ncha ya leso hii na kuinyanyua. Ukishainyanyua umejifunga. Tutakavyoamua, iwe kwa sheria kavu au kwa kuwapatanisha, mtakubali. Anayetaka kwenda nyumbani, aende sasa."

Plotkin akainyanyua haraka kama mtu anayevuta kitu motoni. Raina akaishika polepole. Ilikuwa na harufu ya pasi. Nyumbani kwake, kwenye droo, kulikuwa na leso kama hizo, zimekunjwa, hazina mtu. Akainyanyua, akairudisha mezani kwa upole.

Akaeleza shauri lake. Alieleza vizuri, maana alikuwa amelifanyia mazoezi jikoni mbele ya birika. Mwenye nyumba ya chini ana haki ya anga juu ya roshani yake. Nyumba ilinunuliwa kwa ajili ya haki hiyo. Jirani amejenga bila kumuuliza.

"Kweli hukumuuliza?" Rabi Spiro akamgeukia Plotkin.

"Rabi, majirani wote niliwaambia kwamba najenga. Yeye nilimwambia mlangoni kwake, akanijibu, 'Heri.' Sasa heri ni nini kama si ruhusa?"

"Nilikuwa nimetoka kumzika mume wangu," Raina akasema. "Ungeniambia unafuga tembo, ningekujibu heri."

Rabi mwenye usingizi akafumbua jicho moja.

"Sawa," Plotkin akasema, na sauti yake ikashuka kidogo, "hilo nalikubali, Mungu amrehemu Monty. Lakini Rabi, muulize kuhusu chai."

"Chai gani?"

"Mafundi wangu walikuwa pale juu mwezi mzima. Na kila asubuhi, kila asubuhi, Bi Raina aliwapelekea chai. Kwenye sinia! Na biskuti! Chai ya maziwa, Rabi. Fundi Nidal aliniuliza kama Waingereza wote ni wagonjwa wa tumbo." Akafungua mikono. "Mimi nitajuaje kwamba mtu anayewalisha biskuti wajenzi hataki ujenzi?"

Kijana mwembamba akaacha kuandika. Raina akaona kwamba jambo hili ndilo lenyewe. Lile la heri lilikuwa jepesi, hili lilikuwa zito. Mtu anayeona jirani yake akijenga, naye akanyamaza, sheria humwuliza kwa nini alinyamaza. Lakini anayemletea fundi chai amefanya zaidi ya kunyamaza.

"Mama," Rabi Spiro akasema, "hukuona kwamba wanakufunika?"

"Niliwaona mafundi. Zege sikuliona."

"Na chai?"

Jibu la swali hilo hakulifanyia mazoezi. Akashika mkoba wake. Angeweza kusema ni adabu tu, ndivyo alivyolelewa, na labda wangemwamini. Lakini alikuwa ameinyanyua leso, na mbele ya meza ile aliona aibu kusema nusu ya jambo.

"Walikuwa wakinisalimia," akasema.

Rabi mwenye usingizi akafumbua na jicho la pili.

"Asubuhi walipopita mlangoni kwangu walisema, habari za asubuhi, mama. Wote. Yule Nidal aliniuliza nimelalaje. Hakuna mwingine aliyekuwa akiniuliza nimelalaje. Nikawa naamka mapema kuchemsha maji." Akaweka mkoba mezani. "Na kelele. Zile nyundo. Watu wote wa jengo walilalamika kuhusu nyundo. Mimi nilikaa chini yake nikaona nyumba yangu ina watu. Walipomaliza kazi nililia, Rabi. Nililia kwa sababu roshani imekwisha. Kwamba ni anga langu walilokuwa wakilifunga, hilo sikulifikiria, maana kutazama juu kulikuwa kazi ya Monty."

Plotkin alikuwa akitazama mikono yake. Mtu yule wa sauti ya kuita teksi alisema kwa sauti ndogo mno:

"Kwa nini hukupanda ngazi ukagonga kwetu?"

"Nigonge niseme nini, Gershon? Kwamba nimekuja kukaa?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

Siku ya pili yake marabi wote watatu walikuja kuona mahali penyewe. Yule mwenye usingizi ndiye aliyepanda kiti cha Raina, akiwa na futi ya kupimia, koti lake jeusi limejaa vumbi la chokaa, huku wenzake wakimshika miguu na Plotkin akining'iniza kichwa kutoka juu na kusema, "Kushoto kidogo, Rabi. La, kushoto kwangu!" Yocheved, mke wa Plotkin, alisimama nyuma ya mumewe akiwa na mtoto kiunoni. Alimtazama Raina tu. Raina akajifanya anamwagilia maua.

Kisha wakarudi juu ya duka la miwani, na Rabi Spiro akasoma uamuzi.

Kwa sheria kavu, alisema, mmoja wao angeshinda na mwingine angehama, na baraza halikutaka hivyo. Roshani itabaki, kwa sababu chai ilitoka jikoni kwa Bi Gladstein kwa hiari yake. Lakini mtu hapotezi anga asilojua kuwa analitoa. Kwa hiyo zege litakatwa kwenye pembe, upande wa mashariki, kiasi kile ambacho sheria inakiita kibanda kidogo kuliko vyote kinachofaa: pa kuingia kichwa cha mtu, sehemu kubwa ya mwili wake, na meza yake.

"Mtu mmoja?" Raina akauliza.

"Mmoja," Rabi Spiro akasema, na akaonekana kama mtu anayetamani sheria ingekuwa imesema namba nyingine.

"Na mimi pembe yangu?" Plotkin akauliza.

"Wewe utaweka vyuma kuzunguka shimo, watoto wasianguke juu ya kichwa cha jirani."

Plotkin akakuna ndevu. "Ombi langu bado lipo, Rabi. Aje kwetu. Simpi sadaka, namkaribisha kwa haki."

Wote wakamtazama Raina.

"Nakushukuru," akasema. "Lakini kwenu nitakuwa mgeni. Nitakaa wima, nitasifia supu, nitaondoka kabla watoto hawajachoka nami. Wiki nzima ya kuwa mgeni sitaiweza. Nataka niketi kwangu."

Plotkin akainamisha kichwa, akakubali, naye alionekana ameumia, jambo ambalo Raina hakulitazamia.

Fundi Nidal alirudi na msumeno wa zege katika siku zile chache baada ya mfungo mkuu wa Siku ya Upatanisho. Alisimama mlangoni kwa Raina, kofia mkononi.

"Habari za asubuhi, mama. Umelalaje?"

"Vizuri, mwanangu."

"Wananiambia ni wewe unayenikatisha kazi yangu nzuri." Alikuwa akicheka kwa macho. "Siku ile biskuti, leo msumeno. Sasa mama, uko upande gani?"

"Upande wa chai. Unataka?"

Nidal akachomoa fungu la mnanaa mfukoni mwa shati, akampa. "Leo tia hii. Maziwa mpe Plotkin."

Vumbi lilijaa nyumba nzima. Kipande cha zege kilipotoka, nuru ikaanguka juu ya vigae vya roshani kwa umbo la mkeka wa kusalia, finyu, yenye kingo kali. Raina alisimama akaitazama nuru ile. Kisha, bila kuwa na cha kupima, akainua uso juu.

Alijenga kibanda mwenyewe. Kuta tatu za turubai, fremu aliyoipunguza kwa msumeno mdogo wa Monty, na mkeka mmoja tu wa matete; mingine haikuwa na pa kukaa, akaifunga tena kwa tai ya kijivu na kuirudisha kabatini. Akaingiza meza ya kukunja na kiti chake. Halafu akaleta kiti cha Monty. Akakijaribu upande huu, akakijaribu upande ule, akakisimamisha kwa miguu miwili. Hakikuingia. Alikaa muda amekikumbatia mlangoni, kisha akakirudisha ndani, akakigeuza kitazame ukuta.

Usiku wa kwanza wa sikukuu giza lilipoingia, alivaa nguo yake ya buluu, akamimina divai, akaketi. Goti lake liligusa turubai upande mmoja na kiwiko upande mwingine. Kupitia matete akaona nyota, halafu nyingine. Monty, akawaza, kavu kabisa.

Kutoka juu kulikuwa na zogo la akina Plotkin: viti vikiburutwa, mtoto akilia kwamba ameketishwa pabaya, sauti ya Gershon ikisoma baraka ya divai kana kwamba mtaa wote unamsubiri, kisha vijiko. Sauti zilishuka kwa ule mwanya kama maji kwenye bomba. Alisubiri watulie. Hawakutulia. Basi akasimama na kikombe chake.

Jambo alilolichukia kuliko yote tangu Monty afe lilikuwa hili. Mtu aliye peke yake anaweza kusema baraka zote, hakosi hata moja. Lakini haitikii amina baraka yake mwenyewe, ndivyo desturi yao ilivyo. Amina hutoka kwa mtu mwingine. Kila Ijumaa kwa karibu mwaka mzima Raina alibariki divai mezani kwake, akafika mwisho, na pale pa amina pakawa na friji ikinguruma.

Akabariki divai kwa sauti ya chini, ili wasidhani anataka kitu. Hakuna kilichojibu. Hakutazamia kijibu. Akaendelea na baraka ndefu ya sikukuu, neno kwa neno, kwa lafudhi ya Manchester ambayo Monty aliipenda, na kabla hajafika katikati vijiko vya juu vikaacha kugonga sahani.

Akafika mwisho.

"Amina," akasema mtu juu.

Ilikuwa sauti ya Gershon, nzito, yenye mkate ndani yake. Raina akakishusha kikombe. Alijua sheria: anayesikia baraka ya mwenzake sharti aitikie, hata kama mwenzake huyo amemtobolea roshani. Labda ilikuwa sheria tu.

Kisha sauti ya Yocheved, karibu kabisa na vyuma vya mwanya, kama mtu aliyechuchumaa sakafuni: "Bi Raina? Usikome. Na baraka ya kukaa kibandani. Ila polepole kidogo, watoto nao wanataka kuitikia, na huyu mdogo anachelewa."

Raina akapangusa uso kwa kiganja. Meza ilikuwa moja, kiti kimoja, na palipokuwa pa Monty pangebaki patupu kesho na mwaka ujao. Wala hakuna baraza lililoweza kulikata zege zaidi ya pale. Akavuta pumzi. Akainua kikombe hadi karibu kiguse matete, akasema baraka ya kukaa kibandani, polepole, akiacha nafasi baada ya kila neno. Amina zikamshukia kwa fujo, kubwa na ndogo, na baada ya zote kuisha, moja nyembamba iliyochelewa.

Ikabaki ya mwisho, ile ya kumshukuru aliyetufikisha majira haya. Mwaka huo wote ilikuwa imemshinda kuitamka bila sauti kukatika. Akaitazama nyota kupitia mwanya, akanyoosha mgongo, akaianza kwa sauti kubwa, ili yule mdogo aisikie vizuri.